Mficha maradhi, kompyuta humuumbua

Najua nimepotea, mtanisamehe, test zilinibana na umeme wa hosteli nao una tabia zake. Leo sina habari za siasa za chuo wala za foleni ya kantini. Nina kesi ya kompyuta, na katika kesi hiyo mshtakiwa ni mimi. Nimekaa nayo rohoni tangu Mei 2025, nimeona bora niimwage hapa, halafu mniambie kama nimekosea kufikia hitimisho nililofikia.

Mwenzangu chumbani anasoma usanifu majengo, mwaka wa mwisho. Tumwite Msanifu. Kompyuta yake ni ile mitumba ya ofisini mnayoijua, kasha jeusi, prosesa ya Intel Core i5-4590, haina kadi ya grafiki, inatumia picha ya ndani ya prosesa. Kwa kuchora tu ilikuwa inajikongoja. Lakini mradi wa mwisho unataka picha za jengo zenye mwanga, miti, watu wanatembea. Programu za kazi hiyo, kama Twinmotion na Lumion, mzigo wake mkubwa unabebwa na kadi ya grafiki. Bila kadi ya maana unakaa unaangalia skrini kama unasubiri daladala saa sita usiku.

Boom lilipotoka nikamshauri. Mimi! Nikamwambia, "Kaka, twende Kariakoo tukachukue kadi, mimi nitaifunga, kazi ya dakika kumi." Tukapata GeForce GTX 1060 iliyotumika, laki mbili na themanini. Muuzaji hakuuliza kitu. Alitupa kadi, akatupa na kiwaya cha kuunganishia umeme, upande mmoja pini 6 za kadi, upande wa pili kichwa kimoja cha SATA, kile cha kuingizia umeme wa diski. Akatutakia matumizi mema.

Ijumaa jioni, mbele ya mashahidi wanne, nikafunga kadi. Msanifu akarudisha waya wa monita palepale pa siku zote, akawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini kimya. Imeandika tu kwamba hakuna mawimbi. Tukazima, tukawasha, hola.

Sasa bwana, chumba cha hosteli kikipata mgonjwa kila mtu ni daktari. Mmoja akasema mothabodi imekufa. Mwingine akasema kadi ni feki. Jirani wa chumba cha pili, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Mzee wa Raba, akasema ni ramu, zitolewe zisuguliwe na raba ya kufutia penseli. Mimi kwa kulinda heshima yangu nikatangaza: asiguse mtu, kesho nitaishughulikia mwenyewe.

Wakatoka kwenda kula. Nikabaki peke yangu na ile mashine, na aibu. Nikakumbuka niliwahi kusoma kwamba kompyuta ikigoma unachomoa ile betri ndogo ya duara kama sarafu iliyoko kwenye mothabodi, unasubiri kidogo, unairudisha, mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikatoa betri, nikasubiri kama robo saa, nikarudisha. Nikawasha. Giza lilelile. Nikafunga kasha, nikaenda kula. Sikumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa bafuni, Mzee wa Raba akaingia. Akatoa kadi, akatoa ramu, akazisugua, akazirudisha bila kadi. Akawasha. Picha ikaja! Chumba kizima kikashangilia raba. Yakatokea maneno kwamba saa na tarehe hazijapangwa, bonyeza F1 uendelee. Akabonyeza. Kisha Windows ikaanza kupanda, ikageuka bluu, ikaandika kwamba diski ya kuwashia haifikiki. Ikajizima, ikajiwasha, bluu tena. Mara tano, mara sita.

Hapo kelele zikaisha. Ndani ya diski ile kulikuwa na michoro ya miezi sita, na nakala pekee ilikuwa kwenye flashi, ya mwezi Machi. Kuwasilisha kulikuwa Ijumaa inayofuata. Msanifu si mtu wa kelele. Alimwangalia Mzee wa Raba akasema taratibu, "Jana diski yangu ilikuwa nzima." Basi. Jirani akatoka. Siku tatu hawakusalimiana, na mimi niliyekuwa na jibu nilikuwa nimejilaza juu ya dekabedi najifanya nasoma.

Hebu nisimame hapa kidogo, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Wengi wetu tunadhani kutafuta hitilafu ya kompyuta ni elimu ya vifaa. Ukijua vifaa vingi wewe ni fundi. Mimi nasema hapana, au tuseme hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni historia. Mashine iliyokuwa inafanya kazi jana na leo imegoma, kati ya jana na leo kuna kitu kimebadilika. Kazi yako ni kukijua kitu hicho. Na mara nyingi anayekijua ni mtu, na mtu huyo ana aibu.

Angalia kesi yetu. Ijumaa kompyuta ilikuwa haijafa hata kidogo. Feni zilizunguka, taa ikawaka, pengine na Windows ilipanda vizuri kabisa, ila sisi hatukuona. Kwenye mashine ile, ukichomeka kadi ya grafiki, matundu ya picha ya mothabodi yanazimwa yenyewe. Waya wetu ulikuwa umebaki kwenye tundu la mothabodi. Monita ni ya zamani, inajua VGA tu, na kadi za familia ya GTX 10 hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Zina HDMI, DisplayPort, na DVI ya dijitali. Kilichokosekana pale ni kibadilishio cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani, bei yake haifiki hata nauli ya kwenda Morogoro na kurudi. "Haiwaki" na "inawaka lakini haionyeshi" ni magonjwa mawili tofauti, sisi tukayaita jina moja.

Jumamosi Mzee wa Raba akafanya mambo mawili kwa mpigo: akatoa kadi na akasugua ramu. Picha ikarudi, sifa zikaenda kwa raba. Kumbe picha ilirudi kwa sababu kadi ilitoka, na tundu la mothabodi likafunguka. Hilo ni kosa la kawaida mno. Ukibadilisha vitu viwili pamoja hujui kipi kimeponya na kipi kimeua. Badilisha kimoja, washa, angalia, ndipo uende kingine.

Na bluu? Bluu ilikuwa yangu. Nitaieleza.

Jumatatu tukaibeba mashine kwa fundi mmoja jirani na chuo. Jina naliacha. Akawasha, akaona bluu, akaona inavyojirudia. Akasema diski inaelekea kufa, au Windows imeharibika. Akatoa ushauri: "Kijana wangu, nikupigie Windows upya, utaendelea na maisha." Msanifu akauliza, "Na michoro?" Fundi akasema ikiwa kwenye diski hiyohiyo sehemu hiyohiyo itafutika, labda alipe laki na nusu ajaribu kuiokoa kwanza, bila ahadi. Laki na nusu hakuwa nayo, kadi ilikula kila kitu. Nikamwona anafumba macho. Alikuwa anakaribia kusema "piga tu".

Fundi akaingia kwenye bayosi kuangalia. Skrini ikaonyesha mambo mawili. Jambo la kwanza, diski ipo kwenye orodha, na jina lake na ukubwa wake. Hilo halithibitishi kwamba ni nzima, diski mgonjwa nayo inaweza kutaja jina, lakini maiti hataji. Jambo la pili, tarehe. Ilikuwa imerudi nyuma miaka zaidi ya kumi.

Fundi aliipita ile tarehe. Ana haki, mashine za mitumba nyingi zinakuja na betri iliyokwisha, kwake ni jambo la kila siku. Mimi nilijua kwamba betri ya Msanifu haikuwa imekwisha. Nilijua maana wiki moja kabla umeme ulikatika usiku mzima na saa ilibaki sawa. Tarehe ile ilikuwa saini yangu. Imeandikwa pale kwa herufi nyeupe, mbele ya watu, na aliyeweza kuisoma ni mimi peke yangu.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa shujaa. Nilikaa kimya kama dakika mbili hivi. Nilikuwa napiga hesabu: nikisema, laki mbili na themanini zitaniangukia, na michoro, na uvumi hosteli nzima. Nisiposema, fundi atapiga Windows, diski itafutika, na hakuna atakayejua milele. Yaani uongo wangu ungekuwa salama kabisa. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nikasema, "Fundi, betri niliitoa mimi. Ijumaa usiku."

Msanifu akageuka akaniangalia. Fundi hakuniangalia, aliangalia skrini. Akauliza, "Ulitoa ikakaa muda gani?" Nikasema robo saa. Akasema, "Mbona hamkusema toka mwanzo?" Akaingia sehemu ya mipangilio ya SATA. Ilikuwa imesimama kwenye RAID. Akaigeuza ikawa AHCI, akahifadhi, akawasha. Vidoti vya Windows vikazunguka, vikazunguka, ikafunguka. Michoro yote ipo. Hata muziki wake wa taarabu anaouficha upo.

Maelezo yake ni haya. Aliyeiuza ile kompyuta alipokuwa anapiga Windows, bayosi ilikuwa imewekwa kwenye AHCI, na Windows ikajifunza kuisoma diski kwa njia hiyo. Chaguo la kiwandani la mashine ile ni RAID. Nilipotoa betri nikairudisha kiwandani, Windows ikaamka ikakuta mlango wa diski umebadilishwa kufuli na ufunguo haina. Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Ungepiga Windows mpya ingepanda vizuri tu, na wote tungeamini kweli ile ya zamani ilikuwa imeharibika. Fundi alitoza elfu kumi.

Kwa hiyo msije mkanisoma mkasema nawaponda mafundi. Fundi yule tulimpelekea mgonjwa tukamficha alichokunywa. Kwa dalili alizopewa ushauri wake haukuwa wa ajabu. Alipoambiwa ukweli alitumia dakika tatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kompyuta inatokea mara nyingi kifo chenyewe hakipo, kinaletwa na kuficha.

Hoja yangu ya pili ni kwa wauza vifaa. Tuliporudi hosteli nilifanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kwenda Kariakoo, nikasoma kibandiko cha pawa saplai. Jumla wati 240. Kwenye laini ya volti 12 imeandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Prosesa peke yake kwa makadirio ya mtengenezaji ni wati 84. Kadi ya GTX 1060 ni wati 120. Jumla 204. Zinabaki wati 12 za diski, feni na mothabodi yenyewe, kwenye pawa saplai ya zaidi ya miaka kumi. NVIDIA wenyewe kwa kadi ile wanapendekeza pawa saplai ya wati 400.

Na kile kiwaya cha zawadi ndicho balaa. Tundu la kadi kwenye mothabodi linatoa umeme wa mpaka wati 75. Zaidi ya hapo kadi inaomba kwenye pini 6, na hapo inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 75 nyingine. Kichwa kimoja cha SATA kimetengenezwa kwa ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54. Unakilazimisha kibebe mzigo usio wake. Ingewaka Ijumaa ile, tungefurahi, halafu katikati ya kurenda usiku wa manane ingejizima, au plastiki ingeanza kunuka. Kwa hiyo ile skrini nyeusi iliyotuliza, kwa namna fulani ilituokoa.

Muuzaji angeuliza maswali matatu tu: Pawa saplai yako ni ya wati ngapi, na ina waya wa pini 6? Monita yako ina tundu gani? Kasha lako lina nafasi ya kadi ndefu? Maswali matatu, nusu dakika. Najua jibu litakalokuja: duka si shule, mnunuzi ajue anachonunua. Sawa. Lakini muuza dawa hakupi dawa ya mtoto bila kuuliza umri. Muuza viatu anakuuliza namba. Anayeuza kifaa cha laki mbili na themanini kwa mwanafunzi, halafu anampa na kiwaya cha kulazimishia, huyo si kwamba hajui. Kiwaya chenyewe ni ushahidi kwamba anajua mashine nyingi za wateja wake hazina pini hizo.

Tulirudi. Haikuwa rahisi, alianza na "mali ikitoka hairudi". Msanifu akamwekea hesabu mezani kwenye karatasi, kwa mwandiko wake ule wa kichoraji, mstari kwa mstari. Wateja wawili waliokuwa pembeni wakaanza kusoma na wao. Muuzaji akaona bora yaishe. Akatubadilishia na GTX 1050 Ti ya wati 75, ile isiyodai waya wa ziada, na kibadilishio cha HDMI kwenda VGA juu. Hela ya tofauti hakurudisha. Nawaambia ukweli, hata kwa kadi hii NVIDIA wanapendekeza wati 300, sisi tuna 240. Lakini 84 na 75 ni 159, kwenye laini ya 216 zinabaki wati 57, na hakuna kichwa cha SATA kinachobebeshwa mzigo. Tuliamua macho yakiwa wazi, na tukakubaliana mpango wa kubadilisha pawa saplai boom lijalo.

Safari hii kabla ya kuchomeka kitu tulifanya mambo kwa adabu. Kwanza michoro yote kwenye flashi mbili, moja akakaa nayo yeye, nyingine kwa dada yake. Pili nikapiga picha kwa simu kila ukurasa wa bayosi. Tatu tukachomoa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza umeme uliobaki, nikagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Nne, waya wa monita kwenye kadi, si kwenye mothabodi. Ikawaka mara ya kwanza.

Imebaki hoja ambayo rafiki zangu wananibishia. Wanasema: ungejuaje kwamba betri ndiyo tatizo? Wewe hukujua habari za AHCI, sasa ungekiri nini? Hapo ndipo nasema tunakosea. Huhitaji kujua kosa lako limefanya nini ndipo uliseme. Mimi sikujua. Kazi ya kuunganisha ilikuwa ya fundi. Yangu ilikuwa kusema nilichogusa. Tukingoja tuelewe kwanza ndipo tukiri, tutakiri siku ya kiyama.

Na kuna aliyesema, ukikiri utalipishwa. Ni kweli, inawezekana. Mimi elfu kumi ya fundi nililipa, na kibadilishio nikalipa nusu. Lakini kilichokuwa kinaongezeka kila siku niliyonyamaza kilikuwa ni deni la mtu mwingine. Nilikwenda chumba cha pili Jumatatu usiku. Nikamweleza yote kuanzia Ijumaa. Mzee wa Raba akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kwa hiyo siku tatu mimi nilikuwa mchawi wa watu, na wewe unanipita koridoni unaniambia mambo vipi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Msanifu naye alikwenda peke yake, sijui walizungumza nini. Ijumaa alipokwenda kuwasilisha, aliyembebea mbao za michoro alikuwa Mzee wa Raba. Mimi sikuombwa.

Sasa hivi tunasalimiana wote, msiwe na shaka. Lakini juu ya kasha la ile kompyuta kuna daftari dogo limebandikwa kwa gundi ya karatasi. Sheria ya chumba: ukifungua kasha, unaandika tarehe, jina, na ulichogusa, hata kama umefuta vumbi tu. Mstari wa kwanza kabisa niliandikishwa mimi, kwa lazima, mbele ya mashahidi walewale wanne: "Ijumaa usiku. Nimetoa betri. Sikusema."

Wa pili ni wa Mzee wa Raba. Ameandika: "Nimesugua ramu. Haikuwa na haja."

Haya ndugu zangu, umeme umeanza kucheza, naomba niishie hapa. Aliyewahi kuficha betri yake naye aseme. Nawasilisha. Alamsiki.